Robo Tu

Sharti lilikuwa moja.
"Chukua," Wanzala akasema, "elfu tatu, pamoja na bomba zake
na springi za akiba humo kwenye kopo la majani ya chai.
Ila ibadilishe rangi.
Nimeokoka, Nyaboke. Sitaki siku moja nipite Latema
niione mkononi mwako, nyekundu vile vile,
inanitazama."

Nikaitia mkobani kama mtu aliyeiba mkate.

Jumapili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kufuli,
nikaifungua. Koili mbili zilitoka kwanza:
waya wa shaba huvaa ngozi nyembamba isiyopenda moto.
Nikazilaza juu ya gazeti, ukurasa wa matangazo ya vifo.
Skrubu, washa, springi,
kila kimoja na kizibo chake cha soda.
Ikabaki fremu tupu,
kama taya la punda.

Thina ikala nyekundu. Chini yake, kijani.
Chini ya kijani, nyeusi, ile rangi ya kupakia mageti.
Sikujua. Miaka sita nimekaa kando ya bega lake
nikimulika taa, nikipangusa damu na wino,
nikidhani mashine ilizaliwa nyekundu.
Na chini ya nyeusi, limekwaruzwa kwa msumari,
jina:
ZAINA.

Yeye! Yeye aliyekuwa akiwacheka
waliopanda ngazi zetu wakiwa wamekunja mikono ya shati,
"Fundi, nifunikie huyu, tuliachana."
"Jina huandikwa kwa dakika kumi," alikuwa akisema,
"kulifunika ni siku nzima, na bei ni juu."

Msasa mia mbili. Msasa mia nne. Elfu moja, kwa maji.
Jina likapungua kama sabuni.
Ile Z ikagoma.
Sikuifuta tena. Sikuilinda pia.

Kilonzo wa Kariobangi alitaka kuizamisha kwenye nikeli,
ing'ae, alisema, kama sufuria ya harusi.
Nikamwambia chuma hiki kimevishwa vya kutosha.

Nikajaza mchanga kwenye karai, karai juu ya jiko,
jiko dirishani ili mama wa kufuli asipige kelele.
Nikaisugua fremu kwa spiriti, nikaishika kwa kitambaa,
nikaizika nusu.
Kisha kungoja, bila kupepesa.
Kwanza nyasi kavu za Athi.
Kisha chai ya rangi.
Kisha zambarau ikitambaa kutoka pembeni
kama doa la ngumi siku ya pili.
Kisha buluu,
na buluu haikai: ukigeuka kupokea simu
imekuwa jivu, na jivu halirudi.
Koleo. Mafuta ya alizeti.
Ikapiga chafya.

Buluu nzima, na hakuna brashi iliyoigusa.
Isipokuwa mahali pamoja, karibu na tundu la skrubu,
rangi ilikataa kushika:
dole gumba langu, mistari yote,
mafuta ya ngozi niliyodhani nimeyapangusa.

Akaja mwezi wa kumi na mbili, kalenda ya kanisa kwapani,
akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.
Kitandani alilala kinyozi wa Dubois, bega wazi,
akingoja kunguru wake wa kwanza.
Wanzala akaitazama mashine. "Hiyo nzuri.
Umeitoa wapi?"
Sikujibu. Nikakanyaga pedali.

Ikalia, ule mlio wa nyigu aliyefungiwa kwenye kibiriti.

Kalenda ikateleza kidogo.
Akageuka akautazama ukuta, ambao hauna kitu.
Rangi nilibadilisha, ndugu yangu;
mlio hukuniambia.
Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu,
ila gumba na kidole cha shahada vimekutana,
vinazungusha kitu kisichokuwapo.

"Springi imelegea," akauambia ukuta.
"Kaza. Robo.
Robo tu."